Bomba Jembamba la Landi

Siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu Wakesho, nilikuwa na miaka ishirini na miwili, viatu vipya vya raba miguuni na spana ndefu ya chuma mkononi. Naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Mama yako akisikia hivyo atanuna, lakini ndio ukweli, na mtu akifika umri wangu hana tena nguvu ya kubeba uongo.

Nakusimulia kwa sababu ya Jumapili. Ulikuja kunitembelea, ukasukuma kikombe changu cha chai kando, ukatandaza mchoro wako juu ya meza na kunionyesha jinsi mabomba mapya ya maji yatakavyopita hapa Voi. Ukasema Alhamisi utautia sahihi. Nilifurahi, maana mzee gani asingefurahi kuona kitinda mimba wake ni injinia ambaye watu wazima wanasubiri sahihi yake? Kisha nikaona mstari mnene unaopanda Uzunguni, na ule mwembamba kama uzi unaoshuka Landi. Nikakuuliza mbona hivi. Ukanijibu, "Baba, laini ya zamani iko tayari. Si tutaifuata tu?" Nikanyamaza, ukadhani nimechoka, ukanifunika blanketi miguuni. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimesikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani mwa mtoto wangu, na sikuwa tayari kuyajibu. Ndiyo sababu nimekuita leo.

Nianze na mji wenyewe. Wewe umezaliwa Uzunguni, unajua kila kichochoro cha Voi, lakini sidhani umewahi kujiuliza kwa nini mji umekaa ulivyokaa. Huko juu barabara ni pana, kila nyumba imekaa peke yake nyuma ya ua wa kayaba, na nyuma ya kila nyumba kuna kachumba ka mpishi ambako siku hizi watu wanafugia kuku. Ukishuka kuna Madukani, yale majengo ya mawe ya Wahindi, duka mbele na familia nyuma. Ukishuka tena, ukavuka uwanja, unafika Landi, safu za nyumba za wafanyakazi wa reli, mlango kwa mlango, chumba kimoja kwa baba na mama na watoto wote Mungu aliowajalia, na choo mwisho wa safu.

Na ule uwanja katikati? Mmecheza mpira pale tangu mkiwa wadogo. Katika mji ambao ndugu wanashtakiana kwa futi mbili za kiwanja, hakuna aliyejenga pale. Mzungu aliuacha wazi makusudi. Wataalamu wake walimwambia kwamba mbu aliyemuuma Mwafrika hawezi kuruka mbali hivyo, kwa hiyo akilala ng'ambo ya uwanja hatashikwa na malaria. Mbu wa kujua mpaka, mwanangu, mbu mwenye kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, shingoni. Tulipoambiwa hivyo na wazee tulicheka mpaka machozi. Lakini Mzungu mwenyewe ameondoka zamani, na uwanja haukumfuata.

Basi mimi nilishuka kutoka milimani nikiwa na cheti cha shule na barua ya mchungaji, nikapata kazi ofisi ya maji. Uhuru ulikuwa umeshapita miaka zaidi ya kumi. Waliniambia nitaangaliwa miezi sita, nikifaa nitaandikwa. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: juu ya mji kulikuwa na tangi kubwa, na chini ya tangi kibanda cha mabati. Ndani ya kibanda, sakafuni, kulikuwa na vifuniko vitatu vya chuma vilivyopangwa kwa mstari, kila kimoja kimepakwa namba kwa rangi nyeupe, moja, mbili, tatu. Chini ya kila kifuniko ilikuwako valvu, yaani kile kizuizi cha bomba unachokifungua na kukifunga kwa spana ili maji yapite au yasimame.

Msimamizi wangu alinifundisha asubuhi moja tu. Wakati wa mvua, fungua zote. Wakati wa kiangazi, maji yakipungua, kuna zamu: alfajiri namba moja, saa sita namba mbili, saa tisa namba tatu, na saa kumi na moja mashine ya kuvuta maji inazimwa. Nikamuuliza kama kuna lingine la kujua, akasema hakuna. Namba moja ilikuwa Uzunguni, namba mbili Madukani, namba tatu Landi. Nilizikariri kama nilivyokariri Amri Kumi, tena hizi zilikuwa rahisi zaidi.

Wazungu walikuwa wamekwenda zao. Ndani ya nyumba zao walikaa watu wetu, maafisa na mameneja, na wa kwanza wao alikuwa mkubwa wangu wa kazi. Nitamwita Bwana Afisa, jina lake liende naye. Alikuwa mtu wa milimani kama mimi, na mke wake alikuwa na maua ya waridi ambayo nafikiri yalikunywa maji kuliko safu nzima ya Landi. Kila asubuhi nikipita, mama yule alinipa chai kwenye mlango wa jikoni. Mlango wa mbele haukunijia akilini, wala yeye. Bwana Afisa akinikuta pale ananiambia kazi yangu ni nzuri. Nilikuwa natembea mjini na ile spana begani, ingawa ilikuwa nzito na ningeweza kuiacha kibandani, kwa sababu nilitaka wasichana waione. Kijana na cheo ni kama mbuzi na kengele.

Mwaka ule mvua za vuli zilitupita. Mto ukakauka ukabaki mchanga mtupu. Ndipo siku yenyewe ikaja.

Ilikuwa saa mbili asubuhi, nimeketi mlangoni mwa kibanda nasikiliza maji yakipita kwenye namba moja, nikamwona mama mmoja akivuka uwanja kwa haraka, leso kaifunga kiunoni. Nilimfahamu kwa sura, watu wa Landi walimwita Mama Mkamburi. Hakunisalimia kwanza, na mtu wa kwetu akikosa kukusalimia ujue kuna jambo.

"Mwanangu, tumefiwa," alisema. "Bi Zuhura wa safu ya pili ameondoka alfajiri. Hawa wenzetu Waislamu wanataka kumzika mchana, na Landi hakuna hata tone la kumwosha. Birika la msikiti nalo limekauka. Tufungulie nusu saa tu."

"Pole, mama. Lakini zamu ya Landi ni saa tisa."

"Saa tisa? Maiti angoje zamu?"

"Ni utaratibu, mama. Si mimi niliyeuweka."

Aliangalia vile vifuniko sakafuni. "Hiyo namba tatu iko hapo miguuni mwako," akasema, akageuka na kurudi alikotoka.

Ilikuwa hatua nne, mwanangu. Nimezipima kichwani mara nyingi tangu siku ile. Hatua nne kutoka nilipoketi mpaka namba tatu, na mizunguko labda kumi ya spana. Ukiniuliza kama niliogopa kufukuzwa, nitakuambia kweli inayonitia aibu: sikuogopa. Ningekuwa nimeogopa ningekuwa na la kujitetea. Sikufikiri kabisa. Nilirudi kuketi, nikaendelea kusikiliza maji. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mimi sikuwa hata na shibe, nilikuwa nimepewa tu chai mlangoni.

Kutoka pale kibandani mto unaonekana. Niliwaona wanawake wa Landi wakishuka mmoja mmoja na madebe, Wataita na Wakamba na Waswahili pamoja, wakapiga magoti mtoni na kuchimba mchanga kwa mabakuli. Maji ya kuchimbwa hivyo hayana haraka. Unachimba, unangoja yajikusanye, unachota kikombe, unangoja tena. Yakipatikana yana tope, inabidi yachujwe kwa leso na kuachwa yatulie. Walikuwa pale tangu saa tatu mpaka karibu saa tisa. Huku nyuma yangu nilinusa udongo uliolowa, maana huko juu walikuwa wananyweshea waridi. Maziko yaliyotakiwa baada ya adhuhuri yalifanyika jua likikaribia kuzama. Niliyaona yakipita, wanaume wamebeba jeneza kwa mwendo wa haraka, nikavua kofia yangu kwa heshima. Unaona kijana alivyokuwa na adabu.

Kesho yake msimamizi akaniambia, "Mwakio, jioni upite Landi utoe pole kwa niaba ya ofisi. Aliyefiwa ni Mzee Mbwana, yule uliyerithi kazi yake. Marehemu ni mkewe."

Mzee Mbwana sikuwahi kumwona, alistaafu mwezi mmoja kabla sijaja, lakini spana niliyokuwa nikitembea nayo begani ilikuwa imelainika mahali pa kushikia kwa sababu ya kiganja chake. Nilikwenda nikijipangia maneno njiani. Nikamkuta ameketi juu ya mkeka nje ya chumba chake, mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe, mtu wa Taveta aliyekulia pwani na kuzungumza kama watu wa huko. Waliokuwapo walikuwa wakisoma dua, nami nikainamisha kichwa kama tufanyavyo kanisani. Walipomaliza akanikaribisha mkekani.

"Wewe ndiye mwenye spana?"

"Ndiye mimi, mzee. Poleni sana kwa msiba."

"Tushapoa. Hebu nambie, zile namba bado zaonekana vyema?"

Nikasema zinaonekana. Akatikisa kichwa taratibu, akaniambia kwamba alizipaka yeye. Akaanza kunisimulia, bila kupandisha sauti hata kidogo, na mimi nilitamani angepiga kelele. Siku anazipaka, alisema, Mzungu wa maji alisimama nyuma yake na bakora kwapani. Alipomaliza akaambiwa akikosea mpangilio ule hata siku moja atalala ndani. Basi hakukosea. Ulipokuja uhuru, Mzungu yule akafunga mizigo, na Mzee Mbwana mwenyewe akambebea sanduku mpaka stesheni. Garimoshi likaondoka.

"Kesho yake nikaamka alfajiri," akasema, "nikafungua namba moja."

Mjukuu wake akaleta kahawa, akanipa kikombe kwa mikono yake mwenyewe.

"Miaka kumi na kitu, mwanangu, na hapana mtu nyuma yangu. Zuhura kila siku apanga debe lake kwenye mfereji ule pale, mmoja, wa Landi nzima, nami mumewe ndiye mwenye spana. Aliniuliza mara moja tu. Nikamwambia ni utaratibu."

Nilipolisikia neno lile niliweka kikombe chini. Nikaanza kuomba radhi, nadhani nililia, sikumbuki vizuri. Mzee akainua mkono.

"Usiniombe mimi. Tutaketi hapa tukiombana radhi mpaka magharibi, na Zuhura ameshaoshwa kwa maji ya mchanga. Mimi nilikuwa na Mzungu wa kumsingizia, hata alipoondoka nilikuwa nikimsikia kisogoni. Wewe hukumwona hata uso. Jana nyuma yako alisimama nani?"

Nilitafuta jibu njia nzima ya kurudi, nikivuka uwanja ule wa mbu, na kila nililolipata lilikuwa la mtu mwingine.

Asubuhi iliyofuata, mwanangu, nilifanya ushujaa. Nakuambia hivi huku najicheka. Alfajiri nikafungua namba tatu badala ya namba moja, nikaifungua mpaka mwisho, kisha nikateremka mbio hadi Landi kuona furaha ya watu. Nilitaka kuwapo pale, nadhani nilitaka kushukuriwa. Wanawake walikuwa wamesikia mfereji ukikohoa wakaja na madebe. Nikasimama pembeni, kifua mbele. Maji yakatoka. Yalitoka kama mkojo wa mtoto, mwembamba, yakikatika na kurudi.

Nikadhani valvu imekwama. Nikapanda tena mbio, nikakuta iko wazi kabisa. Nikashuka. Mama Mkamburi alikuwa ameshika debe lake chini ya mfereji, anangoja kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea.

"Ndivyo yanavyotoka," akaniambia. "Hata masika, zikifunguliwa zote. Wewe ulidhani tatizo ni saa tu?"

Niliazima jembe, nikachimba pale kando ya mfereji mpaka nikalifikia bomba. Lilikuwa nene kama kidole changu cha gumba. Hilo moja lililisha safu nane za nyumba. Nikarudi juu, nikachimba kando ya kibanda upande wa namba moja. Lile sikuweza kulizungushia viganja viwili, na lilikwenda kwenye nyumba kumi na mbili na waridi zao. Niliketi juu ya udongo niliouchimba. Mimi nilidhani ubaya uliandikwa kwa rangi nyeupe juu ya vifuniko, kumbe uliandikwa chini ya ardhi, kwa chuma, na mtu aliyejua kwamba ardhi inatunza maandishi kuliko rangi. Landi walikuwa wamefanya kama wahenga walivyosema, maji ya kifuu bahari ya chungu. Ila hawakuzaliwa wadudu chungu, walipimiwa kifuu.

Niliendelea kufungua namba tatu kwanza kwa siku tisa. Siku ya kumi Bwana Afisa akaniita ofisini. Hakunikemea. Alizungumza nami kwa Kidawida, lugha yetu ya milimani, kwa upole, kama mjomba. Akaniambia maji hufuata mkondo, na akaniuliza ni nani aliyenituma kuyabadilishia njia. Nikamweleza habari za Bi Zuhura. Akasikitika kweli, nilimwona akisikitika, kisha akasema, "Weka spana hapo mezani." Nikaiweka. Lakini alfajiri ile, nikijua nitaitwa, nilikuwa nimechukua lami na brashi na kuzipaka zile namba tatu zote mpaka hazionekani. Nilikwenda Mwatate kukata mkonge miaka mitatu, mikono imejaa miiba, na kila nilipochoka nilijipa moyo kwa kukumbuka ile lami.

Hapa watoto wangu wote mmeishia kuijua hadithi hii, maana hapa ndipo nimekuwa nikiikatiza. Mnajua baba yenu alifukuzwa kazi kwa kuwatetea watu wa Landi. Mmeisimulia shuleni. Leo nataka uijue iliyobaki.

Bwana Afisa alihamishwa, akaja mwingine, nikarudishwa kazini. Mzee Mbwana alikuwa amekwisha kufariki, sikumwona tena. Nikapanda kidogo kidogo, nikawa msimamizi, baadaye mkubwa wa wasimamizi, na kwa sababu ya cheo hicho nikapewa nyumba Uzunguni. Ndipo ulipozaliwa wewe. Niliigawa zamu upya, kila upande saa sawasawa, na watu wakanisifu kanisani. Siku moja Mama Mkamburi, mzee sasa, alinikuta sokoni akaniambia, "Mwakio, saa ni sawa. Maji si sawa." Nikamjibu kwamba najua, mama, lakini bajeti. Mwaka uliofuata nikamjibu hivyo hivyo. Nilikaa katika ofisi ile zaidi ya miaka ishirini, mwanangu, na mchoro wa kubadilisha bomba la Landi ulikuwa kwenye droo yangu, nimeuchora mwenyewe. Kila mwaka kulikuwa na jambo jingine la haraka. Na jioni nilirudi nyumbani, nikafungua mfereji, nikaoga kwa maji ya lile bomba nene, na nikakuogesha wewe. Wewe hukuwahi kubeba debe. Nilijivunia hilo, na bado najivunia, lakini nataka ujue lilitoka wapi.

Mtu hakai Uzunguni bure. Kwanza unakunywa chai mlangoni mwa jikoni, kisha unapewa mlango wa mbele, na ukishapita mlango wa mbele unaanza kuona kwamba kweli huko chini watu ni wengi mno, ni vigumu kuwatosheleza, wangevumilia. Nimewasikia vijana wenzako wakitafuta nyumba za kupanga. Wanasema mtaa fulani ni mzuri na mtaa fulani ni mchafu, kana kwamba ardhi huzaliwa na tabia. Mtaa unaitwa mchafu na mtu aliyeunyima maji ya kuusafisha. Mazoea yana taabu, mwanangu, na taabu yake kubwa ni kwamba hayana sura. Ukimtafuta aliyekosa humpati, unapata watu wema tu, kila mmoja ameshika spana aliyopewa na mwenzake.

Sasa nasaha yangu, nikuambie waziwazi usije ukasema baba alizunguka. Usiutie sahihi mchoro ule Alhamisi kabla hujatembea. Acha gari. Shuka kwa miguu kutoka Uzunguni mpaka Landi, ushike debe, upange foleni na wanawake, ubebe lililojaa mpaka mlango wa mwisho wa safu ya nane. Halafu rudi mezani ukauangalie ule mstari mwembamba. Mtu akikuambia laini iko tayari, muulize ilikuwa tayari kwa ajili ya nani. Wakikuambia kuchimba upya kutachelewesha kazi, wajibu kwamba imeshachelewa, na ulikuta imechelewa. Usiwachukie watu wa juu, maana ni sisi. Wala usiwaonee huruma watu wa chini kwa machozi kama yangu ya mkekani, ambayo hayakujaza debe la mtu. Na wakikufukuza, njoo nyumbani. Mkonge wa Mwatate haujamuua mtu, na mimi nina pensheni ya kututosha ugali na mchicha.

Najua unaweza kuniambia, baba, mbona hukufanya wewe? Niambie. Una haki. Sina la kukujibu ila hili ninalolifanya sasa, kukukabidhi aibu yangu ukiwa bado kijana, ili usilazimike kujitafutia ya kwako.

Wazee wetu wa milimani, walipotaka kumbariki mtoto, walifanya kutasa. Mzee alijaza kinywa kwa pombe ya miwa, akalitoa kwanza lililokuwa likimkera moyoni, akaipuliza chini kwa nguvu, ndipo akasema baraka, kwa kuwa waliamini baraka haipiti kwenye moyo uliofungwa. Mimi ni mtu wa kanisa, na daktari amenikataza pombe, basi nimechukua maji haya ya kikombe. Nimekwisha kukutolea lililokuwa moyoni kwa karibu miaka hamsini. Sogea karibu, usiogope kulowa.

Mungu akupe miguu ya kutembea mji huu mpaka mwisho wake. Akupe macho ya kuona chini ya ardhi. Ukae na watu, ukubaliwe na watu, na mikono yako isishike kitu bila kujua kilitoka kwa nani. Mzee Mbwana aliziandika namba, mimi nikazipaka lami. Bomba limebaki lako, mwanangu. Nenda ukalichimbe, na baraka zangu ziende nawe.